Kuchechemea na Kilema

Sisi walimu wa lugha tunayo desturi ya kuyapanga maneno kama mwenye duka anavyozipanga bidhaa zake: yenye kufanana tunayaweka rafu moja, kisha tunamwambia mwanafunzi achague. Kwa miaka mingi tuliyaweka pamoja maneno haya: kuchechemea, kuchopea, kwenda chopi, kiguru, kiwete, kilema. Tuliwaeleza wanafunzi wetu kwamba yote yahusu mguu usiokwenda sawasawa. Tukaridhika, nao wakaridhika. Haikutupitikia kamwe kwamba baina ya maneno hayo pana tofauti inayoweza kuua. Tofauti hiyo hatukuipata chuoni tulipokuwa tukisomea stashahada ya ualimu, wala katika kamusi hatukuiona. Tulifunzwa na punda wawili wa shule.

Shule tuliyofundisha wakati huo imo katika miteremko ya Mlima Elgon, wilayani Kapchorwa, mashariki ya Uganda. Huko njia ni za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha gari huachwa barabara kuu. Kinachobaki ni kichwa cha mtu na mgongo wa punda. Farasi hatuna. Ndorobo pamoja na magonjwa mengine makali yamemzuia mnyama huyo kwa karne nyingi asienee katika nchi zetu za maziwa makuu; hata jina lake ni la kuazima, maana Waganda humwita embalaasi na Wanyarwanda ifarashi, na kila mwenye sikio hulisikia humo neno letu la farasi, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu. Lakini punda na farasi ni ndugu wa damu. Mguu wa mmoja ni mguu wa mwingine, ila wa punda ni mdogo, na ukwato wake umesimama zaidi. Kwa hiyo yote tutakayoyasimulia juu ya punda wetu, mwenye farasi atayatambua.

Punda wa shule walikuwa wawili. Mmoja wanafunzi walimwita Kengele, kwa kuwa alilia kila alfajiri kabla ya kengele ya shule kupigwa. Wa pili waliita Kijivu kwa rangi yake. Kazi yao ilikuwa kuteka maji, kuleta kuni, na kushusha magunia ya mahindi kutoka shambani. Mlezi wao alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye sote tulimwita Mzee, naye alituita sote Mwalimu bila kubagua.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei 2011, Kengele alikutwa amesimama kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kushoto aliuning'iniza, ncha ya ukwato ikigusa ardhi kidogo tu. Jana yake alikuwa amebeba madumu mawili ya maji bila taabu. Akisukumwa aende, aliruka kwa miguu mitatu, akasimama tena akitetemeka, jasho likimtoka shingoni. Walimu wengi walikusanyika kumtazama, na kila mmoja akatoa hukumu ile ile: mguu umevunjika. Jioni kamati ya shamba ilikutana. Sisi ndio tuliokuwa katibu wa kamati hiyo, na kwa mkono wetu tuliandika katika daftari ya kumbukumbu: "Punda mmoja ni kilema. Atafutiwe mnunuzi; akikosekana, auawe."

Tulipotoka kikaoni tulimkuta Mzee akingoja mlangoni. Tulimweleza yaliyoamuliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, kuna yeyote aliyeuinua mguu huo akautazama chini?"

Hapakuwa na yeyote.

Siku ya tatu daktari wa mifugo alipita kijijini kuchanja ng'ombe. Mzee alimfuata, akamleta. Daktari huyo aliwahi kufanya kazi na farasi wa mashindano nchini Kenya, na alipoanza kazi tuliona kwamba hatujawahi kumtazama mnyama hata siku moja. Kwanza alimwacha aende hatua chache, akatazama kichwa wala si mguu. Alituambia kwamba mnyama anayeumwa mguu wa mbele hukiinua kichwa ule mguu mbovu unapokanyaga, akakishusha anapokanyaga ule mzima. Ndivyo ajipunguziavyo uzito. Kisha alipapasa mguu wote toka begani hadi chini, akiukunja na kuukunjua. Mfupa haukulia, goti halikuvimba. Alipofika kwenye ukwato alisita. Ukwato ulikuwa wa moto kuliko wenziwe, na mshipa wa damu ulio kandokando ya kifundo ulikuwa ukipiga kwa nguvu. Alichukua koleo kubwa, akaubana ukwato hapa na pale; mahali pamoja punda alishtuka akataka kuanguka. Hapo ndipo alipopachimba kwa kisu chenye ncha iliyopinda. Ghafla ukatoka usaha mweusi wenye uvundo, na pamoja nao kipande cha jiwe kisichozidi punje ya hindi.

Basi hicho ndicho kilichokuwa kilema chetu. Lilikuwa jipu ndani ya ukwato. Daktari alitueleza kwamba ukucha wa ukwato ni mgumu, hautanuki. Usaha ukikusanyika ndani hauna pa kwenda, na maumivu yake humfanya mnyama aonekane kana kwamba amevunjika mfupa. Hiyo ni miongoni mwa sababu za mara nyingi kabisa za farasi au punda kuchechemea vibaya kwa ghafla, nayo pia ni miongoni mwa zile zenye kupona upesi. Alituagiza tuuloweke mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tuufunge kwa pamba na kitambaa cha gunia, na tumweke mahali pakavu. Mwisho alimdunga sindano ya kumkinga na pepopunda.

Neno hilo lilituchoma. Tumelifundisha mara ngapi, tukieleza kwamba ni ugonjwa wa kukakamaa viungo uingiao kwa jeraha, wala hatukuwahi kumwuliza mwanafunzi kwa nini limebeba jina la punda! Daktari alisema kwamba vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni na katika samadi, na kwamba katika wanyama wote wafugwao, jamii ya farasi na punda ndiyo inayodhurika nao kwa wepesi mno. Hatuwezi kuapa kwamba waliolibuni neno walilijua jambo hilo, lakini lugha ilikuwa imetuwekea onyo mbele ya macho yetu, nasi tukalipita.

Siku ya kumi Kengele alikuwa akikanyaga. Wiki ya tatu alirudi kisimani. Daftari la kumbukumbu halikufutwa. Neno "kilema" limo humo mpaka leo kwa mwandiko wetu.

Tangu siku hiyo tuliacha kuyaweka maneno yale rafu moja. Kuchechemea ni kitenzi, na kitenzi kina wakati: anachechemea, alichechemea, atachechemea. Kilema ni nomino, na nomino haina jana wala kesho. Sisi tulimtoa punda katika kitenzi tukamtia katika nomino kwa siku moja, bila kuuinua mguu wake. Na mwalimu yeyote aliyekwisha kuandika juu ya ripoti ya mtoto "huyu ni mzito" anajua kwamba kosa hilo halitendeki zizini tu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kama tungeishia hapa tungekuwa tumekupa nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo iliyotuponza baadaye. Ilitupasa tuyashike pia mambo mengine aliyotueleza daktari siku ile, tulipokuwa tukinywa naye chai.

Alituchorea mguu wa farasi ardhini kwa kijiti. Kile tukiitacho goti la mguu wa mbele, alisema, kwa mpangilio wa mifupa ndicho kifundo cha mkono wetu. Na kutoka hapo kwenda chini mnyama husimama juu ya kidole kimoja, ukwato ukiwa ndio ukucha wake. Chini ya goti hapana misuli. Pana mfupa, kano na ngozi. Kwa hiyo damu ifikayo huko ni chache, na mfupa ukivunjika hauna nyama ya kuukinga, bali huitoboa ngozi kwa wepesi na uchafu ukaingia. Juu ya vidole vinne vya namna hiyo farasi wa mashindano huweka uzito wa kilo 450 hadi 500, na yapata asilimia 60 ya uzito huo huwa juu ya miguu ya mbele.

Akatupangia majeraha kwa kadiri ya matumaini yake. Jipu la ukwato ni la siku au majuma. Ukucha uliopasuka hungoja ukucha mpya, nao hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sehemu ya mbele huchukua muda wa mwaka kukamilika. Kano ya nyuma ya mguu ikichanika, mnyama huhitaji miezi 9 hadi 12 ya kupumzishwa na kurudishwa kazini kidogo kidogo, tena kano iliyopona haiwi na unyumbufu wa mwanzo. Anayemharakisha mnyama kwa kuwa haonekani tena kuchechemea humrudisha kwenye jeraha lile lile. Kiungo kilicholika kwa uzee au kazi hakirudi kuwa kipya, lakini mnyama aweza kuishi nacho miaka mingi akipunguziwa mzigo. Mfupa uliovunjika ndio wenye mashaka makubwa, na jibu lake hutegemea ni mfupa upi, umevunjika vipande vingapi, na kama ngozi imetoboka.

Tulimwuliza kwa nini basi husemwa kwamba farasi aliyevunjika mguu huuawa papo hapo. Je, si ukatili? Alijibu kwa mifano, ambayo baadaye tuliifuata vitabuni tukaikuta ni ya kweli. Farasi Mill Reef, aliyeshinda mashindano makubwa ya Derby nchini Uingereza mwaka 1971, alivunjika mguu wa mbele mazoezini mwezi wa Agosti 1972. Alipasuliwa, akaungwa, akawekwa plasta, na kwa kuwa alikuwa mnyama mtulivu aliyekubali kusimama bila kupigana, alipona. Hakukimbia tena mashindanoni, lakini alizaa, na mwanawe Shirley Heights akashinda Derby hiyo hiyo mwaka 1978. Mill Reef aliishi hadi mwaka 1986.

Tarehe 6 Julai 1975, katika uwanja wa Belmont Park huko New York, farasi jike aitwaye Ruffian, ambaye alikuwa ameshinda mashindano yake yote kumi yaliyotangulia, alivunjika mguu wa mbele wa kulia akiwa mbioni. Yeye naye alipasuliwa usiku huo. Lakini dawa ya usingizi ilipokwisha, alizinduka akirusha miguu kana kwamba bado yumo mbioni, akaiharibu plasta na mguu pamoja. Ikabidi auawe kabla ya mapambazuko.

Kisha Barbaro. Huyu alishinda Kentucky Derby mwezi wa Mei 2006, na majuma mawili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia huko Baltimore. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliuunga mguu huo kwa bamba la chuma na skrubu 27, na mguu ukaanza kupona. Kilichomshinda ni miguu mingine. Mnyama asiyeweza kuweka uzito mguu mmoja huuweka wote upande wa pili, na ukwato wa upande huo huzidiwa: zile tabaka laini zinazoushikamanisha ukucha na mfupa huvimba na kuachana. Ugonjwa huo huitwa laminaitisi, na maumivu yake hayasemeki. Mwezi wa Julai sehemu kubwa ya ukwato wa kushoto wa nyuma ilibidi iondolewe; baadaye ugonjwa ukaenea miguu ya mbele. Tarehe 29 Januari 2007, baada ya miezi minane ya uangalizi ambao wanadamu wengi hawaupati, Barbaro aliuawa kwa sindano, kwa sababu hakuwa na mguu hata mmoja wa kusimamia bila maumivu.

Mifano hiyo tuliisikia, tukaihifadhi, lakini moyoni tulibaki na Kengele peke yake aliyepona.

Mwezi wa Septemba 2016 Kijivu aliteleza katika njia ya utelezi akiwa na mzigo wa kuni. Mguu wa mbele wa kulia ulivunjika juu ya goti, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Safari hii daktari alifika siku ile ile. Alitazama kwa muda mfupi, akasimama, akatuambia kwa upole: "Mwalimu, huyu tumpumzishe leo."

Tulikataa. Ndugu msomaji, tunaliandika jambo hili kwa kuwa ndilo lililotusukuma kuishika kalamu. Tulimkumbusha habari za Kengele. Tulimwambia kwamba hata yule tulihukumu upesi, na kwamba safari hii hatutaandika neno kilema. Alitueleza kwamba jeraha lile na hili si mamoja. Kwamba mfupa uliotoka nje umekwisha kuingiwa na uchafu. Kwamba hapa hapana bamba la chuma, wala mashine ya picha za mifupa ifaayo mnyama mkubwa, wala namna ya kumzuia asisimame. Tulimwomba siku tatu. Mnyama alikuwa mali ya shule, na mkuu wa shule alikuwa ametuachia uamuzi. Daktari hakuwa na la kufanya ila kumpa dawa ya kutuliza maumivu na kutuachia nyingine kidogo.

Tulimfunga mguu kwa vipande vya mbao. Tukamtandikia majani makavu. Wanafunzi walimletea nyasi mbichi, naye siku ya kwanza akala kidogo. Siku ya pili hakula. Kila alipojaribu kuinuka, mbao zilihama na damu ikatoka upya. Nzi walikuja. Usiku tulimsikia kutoka nyumbani kwetu. Hakuwa akilia kama punda aliavyo, bali alikuwa akiguna, guno fupi, kila baada ya muda. Alfajiri ya siku ya tatu tulimkuta Mzee amekaa karibu naye, kichwa cha punda kikiwa magotini pake. Hakutulaumu. Alisema tu: "Mwalimu, huyu anakungoja wewe."

Daktari aliitwa, akaja na sindano. Ilichukua dakika chache.

Tumelifikiri jambo hilo miaka mingi. Mara ya kwanza tulikosa kwa kukata tamaa bila kuutazama mguu. Mara ya pili tulikosa kwa kushikilia matumaini bila kuutazama mguu. Makosa hayo mawili huonekana kuwa maadui, kumbe ni mapacha. Mwaka 2011 tulitazama gharama ya majani. Mwaka 2016 tulitazama aibu yetu wenyewe ya mwaka 2011. Kijivu alilipa siku tatu za maumivu ili sisi tujione kuwa ni watu wenye huruma. Huruma ya kweli ilikuwa kwa yule aliyesema, "tumpumzishe leo," nasi tulimwona kuwa mgumu wa moyo.

Kwa wenzetu ambao shule au jamaa zao wana punda, na kwa wachache wenye farasi, tunayaacha haya machache. Mnyama akichechemea, ashushwe mzigo papo hapo, wala asilazimishwe kwenda ili aonekane anaumwa wapi. Uinuliwe ukwato, usafishwe, utazamwe, upapaswe kama una joto. Jeraha lolote la mguu, hata dogo, lihesabiwe kuwa ni mlango wa pepopunda. Kwato zichongwe na mjuzi kila baada ya majuma 6 hadi 10, maana ukwato mrefu huipotosha miguu yote. Mfupa ukionekana nje, aitwe daktari wa mifugo, na neno lake lisikilizwe siku ile ile. Ile methali yetu isemayo punda afe mzigo wa bwana ufike tuifundishe kwa sura yake ya dhihaka, asije mtoto akadhani ni agizo.

Kengele yu hai bado, ingawa sisi tumekwisha kuhamishiwa shule nyingine. Tulipomtembelea mwaka jana tulimkuta mzee, mdomo umeota mvi, na asubuhi za baridi kiungo kimoja cha mguu wa nyuma humkaza hata jua lipande. Humbebesha dumu moja tu, tena njia ya tambarare. Yule kijana aliyeshika kazi ya Mzee alitusindikiza mpaka kwenye lango. Tulimwuliza kama mnyama huyu bado anafaa, au amekwisha kuwa kilema.

"Hapana, Mwalimu," alijibu. "Anachechemea asubuhi."